Roshani moja, pensheni moja: bustani ya vyombo kwa wastaafu

SWALI: Mimi na mume wangu tumestaafu, nina miaka 72. Tumeuza nyumba iliyokuwa na bustani kubwa na kuhamia kwenye makazi ya wastaafu. Sasa tuna roshani ya ghorofa ya pili inayopata jua tangu asubuhi hadi saa saba hivi mchana. Uongozi unaruhusu vyungu, ila hautaki kitu kining'inie nje ya kingo wala kuziba korido. Msimu uliopita nilinunua vyungu kumi na viwili vidogo. Vingi vilikauka, na nyanya chache nilizopata zilioza kitako. Nikatia maganda ya mayai, hayakusaidia. Magoti yananisumbua, na mume wangu anatembea kwa fremu. Jirani ameniahidi matairi ya zamani na ndoo za rangi. Tufanye nini tupate mboga bila kumaliza pensheni na bila kugombana na watu wa chini?

JIBU: Shikamoo mama. Pole kwa msimu uliopita, na nimefurahi kwamba bado una hamu ya kupanda. Watu wengi wanaohama kutoka bustani ya ardhini kwenda roshani hukutana na matatizo haya haya, kwa sababu mazoea ya shambani yanadanganya kwenye chombo. Ardhini mzizi ukikosa maji hapa unayatafuta pale. Kwenye chungu hauna pa kwenda, unasubiri wewe uje.

Ndiyo maana nitaanza na vile vyungu kumi na viwili. Chungu kidogo ni rahisi siku ya kukinunua, kisha kinakudai kila siku. Mnyanya mkubwa unaozaa unaweza kunywa zaidi ya lita mbili za maji katika siku ya joto kali. Chungu cha lita tatu hakiwezi kushika maji hayo hata ukimwagilia mpaka yatoke chini, maana sehemu kubwa ya nafasi yake ni udongo wenyewe na hewa. Umwagilie asubuhi, alasiri mmea umeshalegea. Sasa hesabu: vyungu kumi na viwili, vyote sakafuni, mara mbili kwa siku. Hizo ni mara ishirini na nne za kuinama, kwa magoti ambayo umesema yanakusumbua. Mpango huo ungemshinda hata kijana.

Kwa hiyo jambo ninalolisimamia kuliko mengine yote ni hili: punguza idadi, ongeza ukubwa. Kwa roshani yako ningeweka vyombo vinne tu. Viwili vya lita 20, kimoja cha mnyanya na kingine cha pilipili hoho mbili. Kimoja kirefu na kipana, chenye kina cha sentimita 20 hivi, kwa mboga za majani. Na kimoja cha lita 10 cha viungo vya majani. Basi. Udongo mwingi kwa pamoja hukauka polepole, haupati joto upesi, na unakusamehe siku ukichelewa kuamka au ukishinda kliniki. Vyungu vidogo ulivyonavyo usivitupe. Vitakufaa kwa kuoteshea miche.

Kabla ya kujaza chochote, fikiria uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chombo cha lita 20 chenye udongo mwepesi wa vyungu uliolowa kina kilo 15 hadi 20, na ukijaza udongo wa kawaida wa bustani kinaweza kupita kilo 30. Kiweke tupu mahali pake, ndipo ukijaze hapo hapo. Vyombo vikubwa vikae karibu na ukuta wa jengo, si pembeni kabisa mwa roshani. Na uulize uongozi roshani imejengwa kubeba uzito kiasi gani kwa kila mita ya mraba. Swali hilo lina jibu kwenye michoro ya jengo, na ukilipata kwa maandishi hakuna atakayekuja baadaye kukuambia uondoe vyombo vyako.

Sasa zawadi ya jirani. Mshukuru, lakini usipande chakula ndani yake. Matairi yanapochakaa hutoa zinki na kemikali nyingine za mpira, yanapata joto kali juani, na yanakula nafasi ambayo huna. Ndoo za rangi nazo, hata zikisuguliwa zikang'aa, zinabaki na masalia, na rangi za zamani zaidi zilikuwa na madini ya risasi. Vivyo hivyo dumu lolote lililowahi kubeba dawa ya wadudu, mafuta ya gari au dawa kali ya kusafishia, halisafishiki kwa matumizi ya chakula. Mbao za kuokota pia zichunguze: mbao za nje za miaka ya nyuma mara nyingi zilitiwa dawa yenye aseniki. Nchini Marekani dawa hiyo iliondolewa kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, lakini mbao zilizotiwa kabla ya hapo bado zinazunguka.

Mahali pa kupata vyombo vya bure vilivyo salama pako karibu nawe, na hapo ndipo makazi ya wastaafu yanapoishinda nyumba ya peke yake. Kama makazi yenu yana bwalo au jiko la pamoja, jiko hilo linatupa ndoo kila wiki: za mafuta ya kula, za achari, za sosi, za siagi. Ni plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Nenda kwa mpishi mkuu wakati jiko limetulia, baada ya chakula cha mchana, umwombe akuwekee mbili au nne zinazofanana ukubwa. Geuza ndoo uangalie chini, utaona namba ndani ya pembetatu ya mishale: 2, 4 na 5 zinafaa, 3 na 6 ziache. Ioshe kwa maji moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe.

Toboa matundu sita hadi manane ya upana wa sentimita moja kwenye kitako. Usitumie msumari wa moto ndani ya nyumba, moshi wa plastiki si mzuri kwa mapafu. Mwombe fundi wa makazi. Kwa drili ni kazi ya dakika mbili. Juu ya matundu tandika kipande cha neti au kitambaa chepesi ili udongo usitoke.

Usiweke kokoto chini. Najua wengi tumefundishwa hivyo, na maduka bado yanauza kokoto kwa kazi hiyo, lakini maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hubaki yamening'inia juu ya kokoto mpaka udongo ulowe kabisa, ndipo yadondoke. Matokeo yake ni kwamba tope linalokaa kitakoni mwa chungu unalipandisha juu, karibu na mizizi, na umelipa pesa na kuongeza kilo kwa ajili hiyo.

Kwa mnyanya na hoho, mama, nakuomba ufanye jambo moja zaidi, kwa sababu linatibu ukaukaji, nyanya kuoza, na maji kuwadondokea watu wa chini. Chukua ndoo mbili zinazofanana na uziingize moja ndani ya nyingine. Ya chini ni tangi la maji, kwa hiyo kitako chake usikitoboe; ya juu ni ya udongo. Kati ya vitako vyake pawe na nafasi ya sentimita 5 hadi 8. Kama haipo, weka kikombe cha plastiki kigumu kilichogeuzwa kishikilie ndoo ya juu. Kwenye kitako cha ndoo ya juu kata tundu la kutosha kupitisha kikopo kidogo cha plastiki, cha mtindi kwa mfano, kilichotobolewa pande zote. Kikopo hicho kiningʼinie ndani ya maji, ukijaze udongo na kuushindilia. Hicho ndicho kinachonyonya maji na kuyapandisha. Pembeni pitisha kipande cha bomba kuanzia juu ya udongo hadi kwenye tangi; hapo ndipo utakapokuwa unajazia. Mwisho, toboa tundu moja ubavuni mwa ndoo ya chini, chini kidogo ya usawa wa kitako cha ndoo ya juu. Maji yakianza kutoka hapo, tangi limejaa, unaacha. Weka beseni dogo chini ya tundu hilo kukinga matone.

Mara ya kwanza mwagilia kutokea juu mpaka udongo wote ulowe, la sivyo unyonyaji hautaanza. Baada ya hapo unajaza kwa bomba tu, ukiwa umesimama. Tangi la lita nne litautosha mnyanya mkubwa siku moja au mbili za joto, na mboga ya majani siku kadhaa. Funga neti juu ya bomba na kwenye tundu la ubavuni. Mbu aina ya Aedes, wale wanaoeneza dengi, wanaridhika na maji kidogo sana, na katika joto yai linaweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi. Visahani na mabeseni ya kukingia maji vimwagwe angalau mara mbili kwa wiki, na visuguliwe kuta zake, maana mayai yao hushikamana ukutani na kustahimili ukavu kwa miezi. Katika jengo la wazee hili si jambo dogo.

Kuhusu nyanya kuoza kitako: si ugonjwa wa kuambukiza, wala hukukosea mbegu. Tunda linapokua linahitaji kalsiamu, na kalsiamu husafiri na maji. Udongo ukikauka, kisha ukafurika, kisha ukakauka tena, safari hiyo inakatika, na ncha ya tunda iliyo mbali na kikonyo ndiyo inayokosa. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni tayari. Kinachokosekana ni maji ya mfululizo. Maganda ya mayai huoza polepole mno kuusaidia mmea wa msimu huu. Chumvi ya Epsom, ambayo wengi watakushauri, ni magnesiamu, na magnesiamu hushindana na kalsiamu mizizini, kwa hiyo inaweza kuongeza tatizo. Mbolea nyingi ya naitrojeni nayo huchochea majani kuliko matunda. Ndoo mbili zitakuponyesha nyanya bila kununua kitu. Na tunda lililooza kitako si sumu: kata sehemu mbovu, nusu iliyobaki nzima iliwe.

Nimesema vyombo vipatikane bure. Udongo usiuonee choyo. Udongo wa kuchota nje ukiwekwa kwenye ndoo hushikamana kama tofali baada ya kumwagiliwa mara chache, mizizi ikakosa hewa, na mara nyingi unakuja na mbegu za magugu na minyoo ya mizizi. Changanya sehemu moja ya mboji iliyoiva, sehemu moja ya kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, na sehemu moja ya perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kuupa udongo hewa. Mchanga mnene unaweza kushika nafasi ya perlaiti, lakini kwa roshani ya ghorofani uzito wake unanifanya nisiupende. Kokopiti inauzwa ikiwa tofali kavu jepesi linaloumuka kwa maji, kwa hiyo hata kuipandisha ngazi si kazi. Mboji iliyoiva ina harufu ya ardhi baada ya mvua, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi kutambua ilikuwa ganda la nini. Ikinuka kama choo, bado.

Gharama ya udongo inapunguzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua mifuko mikubwa kwa pamoja; kaya tatu zikichanga, kila mmoja anapata anachohitaji na hakuna mfuko unaobaki ukiozea kwenye kona. Ya pili ni kutoutupa. Msimu ukiisha, vunja udongo, ondoa mizizi, ongeza mboji kiasi cha theluthi moja, upande tena. Ila ulikokaa mnyanya ulionyauka kwa ugonjwa, safari inayofuata panda mboga za majani.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu linahusu mapafu. Katika udongo wa vyungu na mboji kunaweza kuwemo bakteria aitwaye Legionella longbeachae. Alipewa jina la mji wa Long Beach, California, alikotoka mgonjwa aliyepatikana naye mwaka 1980, na uhusiano wake na udongo wa vyungu ulijulikana Australia mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukivuta vumbi lake unaweza kupata nimonia kali, na walio hatarini zaidi ni watu wenye zaidi ya miaka 50, wavutaji sigara na wenye mapafu au kinga dhaifu. Si jambo la kutokea kila siku, na kujikinga hakuna gharama. Fungua mfuko nje, kwa mkasi, uso ukiwa mbali. Nyunyizia maji kidogo ndipo uukoroge, ili vumbi lisipande. Vaa barakoa na glavu, na unawe mikono kabla ya kugusa uso au chakula. Ikitokea umepata homa na kikohozi siku chache baada ya kushika udongo, mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa ukichanganya udongo wa vyungu. Kipimo cha mkojo kinachotumika sana kwa ugonjwa huu kinagundua aina nyingine ya Legionella, si hii, kwa hiyo asipoambiwa hataitafuta.

Glavu zina sababu nyingine. Ngozi ya umri wetu mkubwa huchanika upesi, na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu huchubuka kwa mguso mdogo. Pepopunda nayo inakaa udongoni. Uliza kliniki yenu kama chanjo yako ya pepopunda imepita miaka 10.

Nini kipandwe? Kwa mtu anayehesabu pensheni, chombo kilipe kodi ya nafasi yake. Panda kinachovunwa mara nyingi, kinachoharibika haraka kikishanunuliwa, na ambacho mnatumia kidogo kidogo. Mboga za majani na viungo vinashinda kwa mbali. Saladi, spinachi, sukuma, kitunguu cha majani, kotimiri, rihani, mnanaa. Unanunua fungu la kotimiri, unatumia matawi matatu, lililobaki linaoza kwenye friji. La chunguni linakungoja. Viazi, kabichi na mahindi vinataka nafasi kubwa na vinakupa mara moja, viache.

Saladi na spinachi usizing'oe. Kata majani ya nje, au kata yote kwa mkasi ukiacha sentimita tatu hadi tano juu ya udongo, nayo yatachipua tena mara mbili au tatu. Panda mstari mmoja mfupi kila baada ya wiki mbili badala ya kujaza chombo siku moja. Watu wawili hawawezi kula saladi arobaini wiki moja. Mizizi ya kitunguu cha majani cha sokoni, ukiikata ikiwa na sentimita tatu za shina jeupe na kuichomeka udongoni, inaota. Tawi la rihani au mnanaa hutoa mizizi kwenye glasi ya maji. Mnanaa upe chombo chake peke yake, unatawala.

Kwa mnyanya chagua aina fupi inayokoma kukua, yenye matunda madogo, cheri kwa mfano. Zinaiva mapema na hazisumbuki sana na kuoza kitako. Jua lako la tangu asubuhi hadi saa saba linakupa muda wa saa sita hivi, na huo ndio wa chini kabisa ya mahitaji ya mmea unaozaa tunda. Kwa hiyo mnyanya na hoho vipate kona yenye jua refu zaidi; majani yanaridhika na jua la muda wa saa tatu au nne kwa siku, yakae nyuma.

Kama mmoja wenu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, msibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani mnachokula. Spinachi na sukuma zina vitamini K nyingi, na vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakuna anayekukataza kula mboga zako. Mwambie daktari kwamba sasa mnavuna roshani, mle kiasi kinacholingana wiki kwa wiki, naye atapima damu na kurekebisha dozi. Wenye ugonjwa wa figo waulize pia, kwa sababu ya potasiamu.

Chakula cha mmea: mboji itautosha kwa wiki nne hadi sita, kisha maji huwa yameshachuja kiasi kikubwa cha virutubisho. Kuanzia hapo mpe mbolea ya maji nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki mbili. Maji uliyooshea mboga au kuchemshia viazi bila chumvi, yakipoa, yanafaa kumwagilia. Maji ya sabuni usiyamwage kwenye mboga. Masalia ya kahawa yasitandazwe mabichi juu ya udongo, hufanya gamba na kudumaza miche. Yapitie kwenye mboji. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani, wakitokea, waoshe kwa maji kwanza. Wakirudi, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni laini ya maji kwa lita moja, jaribu kwenye jani moja, subiri siku, kisha nyunyizia chini ya majani jioni.

Nije kwenye mwili, kwa sababu bustani inayoumiza itaachwa. Chombo cha majani na cha viungo viinuliwe juu ya meza imara au benchi. Kwa mtu aliyeketi, nafasi ya sentimita 70 hivi chini ya meza inatosha kuingiza magoti, na chombo kisizidi upana wa sentimita 60 kama anakifikia upande mmoja tu. Mzee wako akae kwenye kiti chenye mikono, fremu ikiwa imefungwa breki pembeni, wala asiinamie chombo cha sakafuni akiwa ameishikilia. Keni ya kumwagilia isizidi lita tano, na uijaze nusu. Safari mbili fupi ni bora kuliko bega kuteguka. Kupima unyevu kwa kidole kunahitaji kidole kinachohisi, na wengi wenye kisukari wamepoteza hisia hiyo. Tumia kijiti kikavu cha mbao. Kichomeke hadi chini, hesabu kumi, kivute. Kikitoka na udongo ulioganda, acha kumwagilia. Uma na kijiko cha zamani vinatosha kuwa jembe, ukivizungushia sponji na utepe mpinini vinakuwa vinene na rafiki kwa viungo vinavyouma. Lebo kata kutoka kopo la mtindi, uandike kwa penseli, haififii juani kama wino. Fanyeni kazi asubuhi, na mnywe maji bila kungoja kiu, kwani kiu hupungua na umri.

Mpe mzee wako chombo chake. Asiwe msaidizi wako. Achague mwenyewe cha kupanda na aamue lini amwagilie, hata kama wewe ungefanya tofauti. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti uliofanyika katika nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wakazi wa ghorofa moja walihimizwa kujiamulia mambo yao, wakapewa nafasi ya kuchagua mmea na kuutunza wenyewe. Wa ghorofa nyingine waliambiwa wahudumu watawafanyia mambo, wakapewa mmea ambao wauguzi wangeumwagilia. Wiki chache baadaye wale wa kwanza walikuwa wachangamfu na wenye shughuli zaidi. Matokeo ya baadaye kuhusu vifo yalidhoofika baada ya kosa la hesabu kurekebishwa, kwa hiyo sidai kwamba chungu kinarefusha maisha. Ninachosema ni kwamba wote walikuwa na mmea, na tofauti ilikuwa ni nani mwenye mamlaka juu yake na juu ya mambo mengine ya kila siku. Hilo liambieni pia wahudumu na watoto wenu wanaokuja kutembea. Asiyeombwa asimwagilie. Vyombo vingi vya wazee nimevikuta vimeoza mizizi kwa sababu watu watatu wenye nia njema walimwagilia siku moja.

Na majirani. Kabla ya kupanda, shuka ukabishe hodi kwa watu wa chini. Waambie unachotaka kufanya, waonyeshe beseni la kukingia, waombe wakwambie wewe kwanza tone likiwafikia, kabla ya kwenda ofisini. Usifagie udongo kupitia kingo. Vyombo vyepesi virefu vifungwe kwa kamba kwenye nguzo upande wa ndani, upepo wa ghorofani ni mkali kuliko unavyoudhani ukiwa umekaa. Korido iache tupu kabisa, hata kwa usiku mmoja: ni njia ya machela na ya kutokea moto unapozuka, na pia ni njia ya mzee wako na fremu yake.

Mbegu gawaneni. Pakiti moja ya saladi ina mbegu za kaya nyingi, na mbegu za kitunguu hupoteza nguvu ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo kuzihifadhi ni kuzipoteza. Za nyanya hudumu miaka minne au zaidi zikikaa pakavu na baridi. Ukitaka kutunza mbegu zako mwenyewe, ziwe za aina ya kawaida. Chotara mtoto wake hafanani na mama.

Jambo la mwisho ni siku ambazo hutakuwepo. Umri huu una kulazwa hospitali, una safari za kuwaona wajukuu. Kubalianeni mapema na mkazi mmoja, si watatu, kwamba yeye atajaza matangi yako nawe utajaza yake. Andika kwenye karatasi yenye herufi kubwa, ibandike ndani ya mlango wa roshani: chombo gani, kiasi gani, baada ya siku ngapi, na kwamba kinachoiva wakati huo ni chake, akichume. Nakala nyingine mpe mtu wa mapokezi pamoja na jina la huyo uliyekubaliana naye, ili afunguliwe mlango bila maswali.